MX-5 ya taa za kuinuka au iliyofuata?

SWALI: Mambo vipi, mi naishi Uingereza, natafuta Mazda MX-5, kile kigari cha viti viwili chenye paa la turubai linalofunguka, ya kutembelea wikendi tu. Nimepata mbili bei karibu sawa, moja ya 1992 zile za taa za kuinuka, nyingine ya 2001. Nichukue ipi?

JIBU: Poa ndugu yangu. Moyo wangu uko kwa ya 1992, injini ya 1600, gari halifiki tani moja, kona unaisikia mpaka kwenye makalio na zile taa zikiinuka jioni raha yake we acha tu. Ya 2001 imetulia zaidi, na kioo cha nyuma kwenye paa la turubai ni kioo kweli, sio plastiki inayofifia na kupasuka. Ila huko kwenu baridi ikija barabara zinamwagwa chumvi, kwa hiyo kutu ndo itaamua. Lala chini na tochi, gongagonga pale mbele ya tairi la nyuma, na hiyo ya 2001 angalia sana chesisi za mbele, zinaoza kwa ndani huku nje zinang'aa. Zote zikiwa nzima, beba ya 1992 bila kuwaza.