Umenitajia watatu, unayemhitaji hayumo

Wiki hizi mbili barua ni za databesi tu. Nimechagua chache, na zilizofanana nimezifunga mzigo mmoja. Jedwali ni nini na SQL inaandikwaje, hayo sirudii.

Shikamoo fundi. Ofisi yetu ina watu 14. Nimepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa ndani wa kuombea likizo na kusajili vifaa, watu waufungue kwenye kivinjari. Nitumie MySQL, PostgreSQL au MongoDB? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Umenitajia watatu, na unayemhitaji hayumo. Chukua SQLite, databesi inayokaa kwenye faili moja tu.

Tupige hesabu kwanza, maana wengi huchagua databesi kwa sifa za vijiweni. Tuseme watu wako wote 14 wana bidii isiyo ya kawaida, kila mmoja anaandika kitu kwenye mfumo mara 20 kwa siku. Jumla ni mara 280. Saa 8 za kazi zina sekunde 28,800. Databesi yako basi itaandikiwa mara moja kila baada ya sekunde mia na ushee, na kazi yenyewe inakwisha ndani ya milisekunde chache. Muda uliobaki imekaa inasubiri, kama bodaboda kwenye stendi isiyo na abiria. Udhaifu wa SQLite unaoimbwa kila mahali, kwamba anaandika mmoja tu kwa wakati mmoja, wewe hutauona. Watengenezaji wake wenyewe wanasema tovuti isiyofika maombi 100,000 kwa siku kwa kawaida itaenda nayo bila shida, na tovuti yao inaendeshwa kwayo hiyohiyo.

Asili yake inafaa kujulikana. Mwaka 2000 Richard Hipp alikuwa akiandika programu ya kutumika kwenye manowari ya Marekani. Programu ile ilitegemea seva ya databesi, na seva ikizimika programu inakuwa bubu, lawama anabebeshwa yeye aliyeiandika. Akaona dawa ni databesi isiyo na seva kabisa: faili moja, linalosomwa na programu yenyewe. Sasa fikiria kompyuta yako iliyo chini ya meza ya mhasibu, ambayo umeme ukikatika inazimika na ukirudi hakuna anayekumbuka nini kilipaswa kuwaka. Ukiweka seva ya databesi umejiongezea kitu cha kusakinisha, kukihuisha, kukitunzia nenosiri na kukiwasha asubuhi. Nani atafanya hayo ukiwa likizo, likizo uliyoiombea kwenye mfumo wako mwenyewe?

Ila usiichukue kama ilivyotoka dukani. Washa WAL, namna ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ili wanaosoma wasimzuie anayeandika. Weka `busy_timeout` ya sekunde tano hivi, anayekuta mwenzake anaandika asubiri badala ya kutupiwa kosa. Na kila programu inapofungua databesi ianze na `PRAGMA foreign_keys = ON`, kwa sababu bila hiyo SQLite itakuruhusu umfute mfanyakazi na maombi yake ya likizo yabaki yananing'inia bila mwenyewe. Majedwali yatengeneze kwa neno `STRICT`, lililokuja mwaka 2021, la sivyo ukiandika "kesho" kwenye safu ya namba itapokea bila kukuuliza.

SQLite si ya wanaojifunza tu? (Wasomaji sita)

Imo ndani ya simu uliyotumia kuniandikia.

Faili letu la SQLite tumeliweka kwenye folda ya mtandao wa ofisi, kila mtu analifungua kwa programu iliyo kwenye kompyuta yake. Mara inasema databesi imefungwa, na juzi imesema faili limeharibika. SQLite haifai? (Msomaji, Tanga)

Inafaa, mmeitumia pasipofaa. SQLite inategemea makufuli ya mfumo wa mafaili, na makufuli hayo yakipita kwenye folda ya mtandao mara nyingi ni ya uongo: kompyuta mbili zinaambiwa kila moja kwamba mlango ni wake. WAL ndiyo haiwezekani kabisa hapo, kwani inataka wote wanaoifungua wawe kwenye mashine moja, wakishiriki kumbukumbu moja. Wekeni programu na faili kwenye kompyuta moja, wengine wote waje kwa kivinjari. Faili wasiliguse. Hata kuliona wasilione.

Hilo lililoharibika jaribuni amri ya `.recover`, na leo, kabla hamjaendelea kuliandikia.

MySQL au PostgreSQL, ipi nzuri?

Swali hili nimelipokea mara tisa, na hakuna hata mmoja aliyesema anaitaka ya kazi gani. Ni sawa na kumwuliza seremala kama msumeno ni bora kuliko randa.

Kama unaijua mojawapo, ni hiyo. Kama huijui yoyote na kweli unahitaji seva, yaani programu ziko kwenye mashine zaidi ya moja, au wapo watu wa takwimu wanaotaka kuingia wenyewe kwa haki zao tofauti, chukua PostgreSQL. Ina ukali unaotakiwa: haikubali tarehe 30 Februari kwa adabu. Ukipewa MySQL na kampuni ya bei nafuu inayokuhifadhia tovuti, usilie, nayo inafanya kazi. Angalia tu usiandike `utf8` ukidhani umemaliza. Kwa MySQL jina hilo kwa miaka mingi limemaanisha herufi za baiti tatu, na vikatuni vya kwenye simu (emoji) vinataka nne. Andika `utf8mb4`. Utashangaa ni watu wangapi huweka kikatuni cha mikono iliyokunjwa kwenye sababu ya kuomba likizo.

(Kwa wanaopenda hadithi: My na Maria ni mabinti wa Michael Widenius, mmoja wa walioianzisha MySQL. Wa kwanza alipewa MySQL mwaka 1995, mdogo wake akapewa MariaDB mwaka 2009.)

Tunafikiria MongoDB kwa sababu bado hatujajua muundo wa data yetu utakuwaje. (Msomaji, Nairobi)

Muundo wa data yenu anaujua mtunza stoo. Nendeni mkakae naye asubuhi moja, aonyeshe daftari lake. Mtakuta safu zote zimechorwa kwa rula: tarehe, kifaa, namba ya kifaa, aliyechukua, sahihi, kilichorudi. Limekuwa hivyo tangu kabla hamjaajiriwa. "Hatujajua muundo" kwa kawaida maana yake ni "hatujauliza", na databesi isiyodai muundo haiwaondolei kazi hiyo. Inaihamishia kwenye programu, ambako baada ya mwaka mtakuta mfanyakazi yuleyule ana `simu`, `Simu`, `namba_simu` na mahali pengine orodha ya simu tatu.

Kama kuna sehemu kweli inabadilikabadilika, mathalani sifa za kifaa ambapo printa ina zake na gari lina zake, PostgreSQL ina aina ya safu ya `jsonb` tangu 2014, inayobeba JSON, yaani maandishi ya jina na thamani yasiyolazimishwa muundo mmoja. SQLite nayo inasoma JSON. Wekeni hiyo safu moja ilegee, zilizobaki zikae kwenye mstari.

Na kwa kuwa mmetaja MongoDB: Januari 2017 databesi zake kwa maelfu, zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nenosiri, zilifutwa, wenyewe wakaachiwa ujumbe wa kudaiwa fidia. Kosa lilikuwa la walioziacha wazi, na linaweza kumpata wa databesi yoyote. Mfumo ni wa ndani, basi milango ya mtandao ya MongoDB, PostgreSQL na MySQL, yaani 27017, 5432 na 3306, isionekane nje ya ofisi. Hamkuuliza hilo, najua.

Excel imetutosha miaka sita. Kwa nini tubadilishe?

Kama anayeandika ni mtu mmoja na wengine wanasoma tu, msibadilishe. Nasema kweli. Siku mtakapoanza kuona mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa Asha", ndipo mnibishie hodi.

Mkumbuke Uingereza, Septemba na Oktoba 2020: wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo haliwezi kuzidi mistari 65,536. Ninyi hamtafika huko. Litakalowapata ni dogo na la kila siku, sifuri ya mbele ya namba za simu kuliwa. 0712 inakuwa 712. Simu si hesabu, hakuna anayezijumlisha. Hata mkihamia databesi, ziwekeni kama maandishi.

Kila tukimsajili mfanyakazi anayeitwa Ng'ang'a mfumo unaanguka. Tumeamua aandikwe Nganga. Kuna njia nyingine? (Msomaji, Nakuru)

Mmembadilisha mtu jina ili kuficha ufa wa programu!

Mnaunganisha maneno ya mtumiaji na amri ya SQL kama mtu anayeshona viraka, na ile alama ya juu kwenye jina lake inaikata amri katikati. Ng'ang'a hana nia mbaya. Atakayekuja na nia mbaya ataandika kwenye kisanduku hichohicho maneno ya kusoma mishahara ya ofisi nzima. Kila lugha ya programu ina njia ya kuacha alama ya kuuliza ndani ya amri na kupeleka thamani kando. Tumieni hiyo kila mahali, leo, kisha mrudishieni mtu jina lake. Kwa lugha iliyojaa ng' kama yetu, fundi hana kisingizio: jaribio la kwanza la fomu yoyote liwe ng'ombe.

Shilingi niziweke kama namba ya desimali?

Namba kamili, na kama kuna senti basi zihesabu kwa senti.

Bakapu tunafanya: kila usiku faili linanakiliwa kwenye flashi iliyochomekwa kwenye seva. Inatosha? (Msomaji, Mwanza)

Haitoshi, kwa sababu tatu.

Kwanza, niliwahi kutunza mfumo wa ofisi moja iliyokuwa na mpango kama wenu. Mwizi alipoingia hakuichomoa flashi. Aliondoka nayo ikiwa imechomekwa. Tulikaa siku nne tukijaza upya kutoka kwenye karatasi, na karatasi zenyewe zilikuwepo kwa sababu tu karani mmoja mzee alikataa katakata kuuamini mfumo wangu. Nilimcheka miezi yote hiyo.

Pili, kunakili faili la SQLite huku programu inaandika kunaweza kuwapa nakala iliyokatika katikati, hasa mkiwa na WAL, ambapo sehemu ya data ingali kwenye faili la pembeni. Tumieni amri ya `.backup` au `VACUUM INTO`. Wenye PostgreSQL wana `pg_dump`.

Tatu, mmewahi kuirejesha? Mwaka 2017 fundi wa GitLab alifuta kimakosa saraka ya databesi kuu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili, na wakakiri hadharani kwamba hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono kwa shughuli nyingine. Hao ni watu ambao kazi yao ni kutunza kazi za wengine. Ijumaa hii chukueni kompyuta tupu, rejesheni bakapu yenu humo, fungueni mfumo, mtafuteni mfanyakazi aliyeajiriwa mwezi uliopita. Andikeni imechukua dakika ngapi. Kisha nakala moja itoke nje ya jengo, ikiwa imefungwa kwa nenosiri, kwa sababu ina namba za vitambulisho na likizo za ugonjwa za watu. Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya 2019, na flashi iliyosahaulika kwenye daladala haitajitetea yenyewe.

Kaka naomba unitumie mfumo mzima wa likizo pamoja na databesi yake, ni mradi wa chuo, nawasilisha Ijumaa. Pia, SQLite itakubalika?

Hapana. Ndiyo.