Jiko la kupanga lililokuwa na giza: nilivyolitengeneza kwa shilingi 144,000

Salaam, dada. Umeeleza kwamba umehamia katika nyumba ya kupanga, kwamba jiko lake ni la lipu tupu ya saruji na dirisha moja dogo linalotazama uzio, na kwamba una shilingi 150,000 ambazo ungependa zikupatie jiko lenye nuru na lenye sura yako mwenyewe. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mwaka 2021 nilikuwa katika hali hiyo hiyo hapa Tanga, katika nyumba tunayopanga Ngamiani, na fedha niliyokuwa nayo ililingana na yako. Nilitumia shilingi 144,000 kwa muda wa miezi miwili, na jiko hilo ndilo ninalopikia hadi leo.

Karibu kila mtu niliyemwomba ushauri wakati ule alinielekeza kwenye mapambo: stika za ukutani, maua ya plastiki, picha za matunda. Ninashukuru kwamba sikukimbilia dukani, kwa sababu nilipokaa wiki nzima nikilitazama jiko langu asubuhi, adhuhuri na jioni, niligundua kwamba lililokosekana pale ni mwanga. Kipimo changu kilikuwa mchele. Saa nne asubuhi, jua likiwa kali nje, nilikuwa siwezi kuchagua mchele nikiwa jikoni. Ilinibidi nibebe ungo hadi barazani ili nizione chuya na mawe. Jiko ambalo mtu haoni jiwe kwenye ungo hata ukilijaza maua litabaki na giza lake, na maua yenyewe hayataonekana. Kwa hiyo ninakusihi uanze na mwanga, na fedha ya mapambo uifikirie mwishoni.

Hatua ya kwanza haikunigharimu chochote. Wavu wa mbu wa dirishani ulikuwa umeshikwa na masizi, vumbi na mvuke wa mafuta ya kukaangia kwa miaka ya wapangaji waliotutangulia, kiasi kwamba matundu mengi yalikuwa yamezibika kabisa. Niliyeyusha magadi kwenye maji ya moto, nikavaa glavu, nikaupaka wavu kwa brashi ya kufulia, nikaacha kwa robo saa, kisha nikausuuza kwa maji mengi. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya kuoshea sufuria ya mkaa. Magadi hukata mafuta vizuri kuliko sabuni peke yake, nami niliyatumia pia kuosha ukuta wa nyuma ya jiko la gesi, kwa sababu rangi haishiki juu ya mafuta. Ukimaliza kuosha, usuuze kwa maji safi mara mbili au tatu, maana mabaki ya magadi yakikaukia ukutani nayo yataiharibu rangi.

Hatua ya pili ndiyo iliyobadilisha jiko kuliko nyingine zote, nami ninashangaa kwamba watu hawaizungumzii. Dirisha langu, kama lako, lilitazama ukuta wa uzio ulio umbali wa mita moja na nusu, ukuta wa tofali za saruji uliokuwa wa kijivu kilichokolea kwa sababu ya ukungu. Mwanga wote uliokuwa unaingia jikoni ulikuwa unatoka kwenye ukuta ule, na ukuta wa namna hiyo hunywa sehemu kubwa ya mwanga badala ya kuurudisha. Nikamwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuupaka chokaa kwa upande wetu, naye akakubali mara moja kwa kuwa haikumgharimu kitu.

Tanga ni nchi ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamo ndani ya mawe ya chokaa, na mfuko wa kilo 25 niliupata kwa shilingi 8,000. Nilichukua chokaa iliyokwisha kuzimwa, yaani iliyotiwa maji kabla ya kuuzwa ili isichemke tena, nikailoweka usiku kucha katika ndoo ya plastiki, na asubuhi nikaichuja kwa kipande cha khanga kuukuu hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Fundi mmoja mzee wa mtaani alinifundisha kuongeza gao moja la chumvi kwa kila ndoo, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuifanya chokaa isikauke haraka ikapukutika. Kwanza tuliusugua ukuta, tukaumwagia maji, na ukiwa bado mbichi tukapaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, jembamba. Usikate tamaa ukiona kwamba chokaa ikiwa na maji haionekani. Hukaa kama maji machafu ukutani, kisha inapokauka huanza kuwa nyeupe, na kadiri siku zinavyopita huzidi kukaza kwa kuwa inachukua hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe. Tulipaka mikono mitatu, kila siku mkono mmoja. Vaa glavu na ufunike macho, kwa maana chokaa inaunguza.

Siku ya nne asubuhi niliingia jikoni nikadhani nimesahau kuzima taa.

Sasa nije kwenye kuta za ndani, na hapa nina jambo ninalotaka ulizingatie sana kwa sababu liliwahi kunipotezea fedha. Katika nyumba tuliyopanga kabla ya hii, nilipaka jiko rangi ya mafuta mwezi Aprili, katikati ya masika, kwa ushauri wa muuzaji aliyenihakikishia kwamba rangi ya mafuta huzuia maji. Huzuia kweli, lakini huyazuia hata yaliyo ndani ya ukuta yasitoke. Baada ya miezi mitatu ukuta ulijaa malengelenge, nikiyabonyeza yanatoa maji, na rangi ikawa inabanduka vipande vikubwa kama ganda la yai. Tangu hapo siweki rangi kabla ya kuupima ukuta. Chukua kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa karatasi ya daftari kubwa, kibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, na ukiache kwa siku nzima au mbili. Ukikuta matone ya maji upande unaogusa ukuta, ukuta una unyevu ndani yake, na dawa yake ni kusubiri kiangazi au kumwambia mwenye nyumba atafute maji yanatokea wapi. Na ikiwa lipu yenyewe ni mpya, iache ikae angalau wiki nne kwanza.

Ukuta wangu wa Ngamiani ulikuwa mkavu, kwa hiyo nikakokotoa rangi kabla ya kwenda dukani. Jiko lina mita 3 kwa 2.5, yaani mzunguko wa mita 11, na urefu wa kwenda juu ni mita 2.7. Niliamua kwamba mita moja ya chini iwe ya rangi ya mafuta, maana ndiko kunakorukiwa na maji ya karo na mikono ya watoto, na sehemu ya juu iwe ya rangi ya maji ambayo huuruhusu ukuta upumue. Sehemu ya juu, nikitoa dirisha na mlango, ilibaki mita za mraba 16 hivi. Kwa mikono miwili ni 32 au 33, na lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini. Kopo la lita 4 likatosha, na ziada ikapaka dari mkono mmoja. Chini kulikuwa na mita za mraba 10, mikono miwili, yaani lita 2. Wauzaji wengi watakwambia ununue ndoo ya lita 20 kwa kuwa ina nafuu, lakini nafuu ya rangi usiyoihitaji si nafuu. Ikiwa lipu yako imekwaruza, ongeza kidogo, kwa maana ukuta wa mikwaruzo hunywa rangi.

Kuhusu rangi yenyewe, juu nilichagua rangi ya maziwa, kwa kuwa nyeupe kabisa huonyesha kila chembe ya masizi, ilhali rangi ya maziwa hurudisha mwanga karibu sawa nayo na ina joto zaidi kwa macho. Chini niliweka samawati iliyokoza, ile unayoiona kwenye milango na mitumbwi ya pwani yetu. Nilifanya hivyo kwa sababu nimekulia Pangani na rangi hiyo ndiyo ya mlango wa nyumba ya bibi yangu. Sikuitafuta kwenye picha ya mtu mwingine. Ninakuomba nawe uchague rangi moja tu ya kukoza, na uitoe katika maisha yako. Jiko dogo halibebi rangi tatu zinazogombana.

Kisha taa. Wapangaji wengi tuna balbu moja katikati ya dari, na tunaposimama mbele ya kaunta mwili wetu unaukinga mwanga, hivyo tunakata vitunguu ndani ya kivuli chetu wenyewe. Kubadili balbu iwe kubwa zaidi hakuondoi kivuli hicho. Nilimlipa fundi umeme avute waya mfupi na kuweka holda ya pili juu ya kaunta, mbele yangu badala ya nyuma, nikaweka taa ya LED ya wati 9. Soma pakiti kabla ya kulipa: iliyoandikwa 6500 K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) ina weupe unaoelekea ubuluu, nayo inafaa juu ya ubao wa kukatia, iliyoandikwa 3000 K ina umanjano, nayo niliiweka katikati, kwa sababu jioni tunakula humo humo jikoni na chakula chini ya taa nyeupe sana hukosa hamu. Waya, holda, balbu mbili na ujira vilikuwa shilingi 14,000.

Nyuma ya jiko la gesi niliweka vigae. Maduka ya vigae huwa na maboksi ya mabaki yasiyotimiza hata mita moja ya mraba, nao huyauza kwa bei ndogo. Nilikusanya vya aina nne vyenye unene uliokaribiana, vyote vya samawati na vyeupe, nikavipanga sakafuni kwanza hadi nikaridhika, ndipo nikamwita fundi. Stika za plastiki sikushauri uziweke hapo, kwa maana karibu na moto hujikunja na zinaweza kushika moto.

Baada ya hayo yote ndipo nilipofika kwenye kile ulichokiita sura yako mwenyewe, na nilikuwa nimebakiwa na fedha kidogo sana. Nilinunua doti moja ya khanga kwa shilingi 12,000. Watu wengi wakishona pazia la khanga huikata ovyo, jina likaangukia kwenye pindo la mshono au likapotea kabisa, nami naona hilo ni hasara, kwa sababu khanga ni pindo, mji na jina, na jina ndilo ulimi wake. Niliilaza khanga kwa mapana yake kama inavyokaa kiunoni, nikakunja sentimita nne tu za ukingo wa juu kupitisha waya wa pazia, na upande wa chini sikuugusa. Kipande kimoja kinafunika rafu za chini ya kaunta, na jina lake linasomeka moja kwa moja unapoingia mlangoni: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kipande cha pili nilikikata katikati kikawa mapazia mawili ya dirisha, yanayofungwa pembeni mchana. Tafadhali pazia lisifike karibu na moto, na ukiwa na tundu la hewa karibu na sakafu usilizibe kwa pazia, kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Ukutani sikutundika pambo hata moja la kununua. Nilipiga misumari ya zege saba juu ya mstari wa samawati, nikatundika ungo, kawa (vifuniko vya chakula) mbili za ukili alizosuka mama yangu, kata ya nazi, chujio, upawa na sinia la bati lenye maua lililotoka katika vyombo vya harusi yake. Vyote vinatumika, hivyo havishiki vumbi. Kawa moja ina mistari ya zambarau ambayo zamani, juu ya saruji ya kijivu, hata mimi nilikuwa siioni. Juu ya rangi ya maziwa mgeni huiuliza kabla hajaketi. Mbuzi ya kukunia nazi haitundikiki, kwa hiyo niliipaka mafuta ya nazi mti wake ukarudi mng'ao, nikaiweka pembeni pa mlango mahali inapoonekana.

Dirishani nina makopo matatu ya mafuta ya kupikia yaliyotobolewa chini, mawili ya mrehani na moja la kivumbasi. Mchaichai niliujaribu ukakua mno, nikauhamishia nje chini ya ule ukuta wa chokaa.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Mweleze mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kila utakachopaka au kukigongomea, na umwombe akujibu kwa njia hiyo hiyo. Wangu alipoona ukuta wa uzio alikubali kulipa ujira wa fundi wa vigae, ndiyo maana hesabu yangu haikufika 150,000. Ukipata muda, pima urefu, upana na kimo cha jiko lako, na umbali kutoka dirishani hadi kwenye uzio, uviandike hapa. Nitakusaidia kukokotoa lita za rangi na mifuko ya chokaa kabla hujatoa senti.