Jirani Analaza Fuso Getini Kwako? Soma Hapa Kabla Hujatoa Upepo

Wiki hii dada mmoja wa Tabora, anakaa Isevya, ameniandikia ujumbe mrefu. Jirani yake ana Noah mbili, na kila jioni mojawapo inalala kwenye geti lake. Amesema kwa upole, amesema kwa ukali, amebandika karatasi kwenye kioo, wapi. Sasa ananiuliza: "Mama Fundi, nitoe upepo matairi yote manne au mawili yanatosha?"

Dada yangu, hicho kijiti kiweke chini kwanza. Leo utatoa upepo, kesho hasira ikizidi utatoboa tairi, na ukishatoboa tairi au kukwaruza rangi umeharibu mali ya mtu, kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Utaingia kituoni ukiwa mlalamikaji, utoke ukiwa mshtakiwa, na Noah bado iko getini. Nayasema haya nikijua unavyoumia, maana na mimi nimelala na hiyo hasira.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani hapa Kigoma mjini, upande wa Mwanga, na kazi nafanyia nyumbani. Nilianza na cherehani ya kukanyaga barazani kwa mama yangu kule Ujiji. Leo nina chumba changu cha kazi, nina wasichana wanaonisaidia, nina na geti la chuma nililolilipa kwa kushona vitenge vya watu. Najua na wewe unayesoma uko kwenye mbio hizohizo: kiwanja, msingi, bati, kisha biashara ya pembeni isiyomtegemea mtu. Ndiyo maana geti linauma kuliko anavyodhani anayeliziba. Mpangaji akichoka anahama. Aliyejenga atahamia wapi?

Njia yetu ni ya udongo mwekundu, inateremka, na ina mtaro upande mmoja. Magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Miji yetu hii haikuanza na magari. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, watu na mizigo mabegani, na Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871 hakuwa na haja ya kumuuliza amepaki wapi. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914, na watu wakashuka stesheni wakaenda makwao kwa miguu. Sasa kijana akishika hela ya kwanza ananunua gari, na hajajiuliza litalala wapi.

Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mzee mfanyabiashara, ana Fuso. Inapakia dagaa Kibirizi, inakwenda Kasulu na kwingineko, ikirudi imebeba maharage. Biashara yake sina neno nayo, Mungu amzidishie. Neno langu lilikuwa juu ya malazi ya hilo gari. Geti lake ni jembamba, Fuso haiingii, basi ikawa inalala kwangu. Wala si pembeni kidogo, hapana, getini penyewe, bodi imeziba mpaka kibao changu cha "Tunashona Nguo za Kike na Sare za Shule".

Kwa kuwa ni mteremko, utingo alikuwa anaweka mawe mawili makubwa kwenye matairi ya nyuma. Saa kumi alfajiri dereva anawasha, anapasha injini moto mpaka vioo vyangu vinatetemeka na moshi unapenya kwenye nyavu za dirisha, kisha anaondoka. Mawe yanabaki palepale katikati ya njia. Kuna bodaboda aliyavaa gizani akiwa na abiria, wakaishia mtaroni wote wawili. Hawakuumia sana, namshukuru Mungu. Aliyetoka kuyasogeza yale mawe ni mimi, na dera langu la kulalia.

Halafu harufu. Dagaa wakiwa kwenye sahani na ugali ni neema. Dagaa waliobaki kwenye mbao za bodi, mvua ya usiku ikawanyeshea, ni habari nyingine kabisa. Paka wa mtaa mzima walihamia kwangu. Mteja ananiletea satini ya bibi harusi, na siku ya kuichukua anaisogeza puani kabla hata hajaikunjua. Hasemi kitu. Anainusa tu, ananitazama, anatoa hela iliyobaki.

Msimu wa Iddi ndio ulionimaliza. Nilikuwa nimeagiza overloki Dar, nimeilipia kidogo kidogo, ikaja kwa treni. Guta lililoitoa stesheni likafika chini ya njia, likakuta Fuso, likagoma. Wateja wamejaa ndani, vitambaa vimejaa hadi juu ya kabati, na mashine yangu mpya iko barabarani. Ikabidi vijana waibebe mikononi, wakajibana kati ya Fuso na ukuta wangu, wakaigonga kwenye ndoano ya bodi. Stendi ya nyuzi ikavunjika kabla sijaishonea hata pindo moja.

Nikamfuata dereva. "Mimi nimeajiriwa tu, dada, muulize bosi." Jioni nikamfuata bosi. Nikamkuta barazani na wenzake, kahawa mkononi. Nikaamkia, nikaeleza kwa adabu zote nilizofundishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake: "Barabara ni ya serikali. Huyu fundi anataka barabara nzima ya nini, anashona lami?"

Wakacheka. Wakacheka sana. Nikaaga, nikarudi kwangu. Kile kicheko nakisikia hata sasa ninapoandika, na walio na biashara za nyumbani, hasa wanawake, mnajua ninachosema. Mtu anaona cherehani tu. Haoni ada za shule zinazotoka humo.

Yaliyofuata siyasimulii yote, hayana ladha. Nilinuna. Niliandika USIPAKI HAPA kwa rangi nyekundu getini, na dereva akawa anatundika shati lake juu ya maandishi. Salamu zikakatika. Watoto wao na wa kwangu wakawa wanacheza kwa kujificha.

Mlango ulifunguka siku mke wa yule mzee alipokuja kupima gauni. Ndiyo, alikuwa mteja wangu muda wote huo, na sikuwahi kumpandishia bei kwa kosa la mumewe. Niko na tepu kiunoni kwake, akaanza mwenyewe. Akasema mumewe halali vizuri. Kumbe zamani Fuso ilikuwa inalala Kibirizi karibu na wanapopakilia, na usiku mmoja wezi wakang'oa betri na kunyonya dizeli. Fuso inatumia umeme wa volti 24, yaani betri mbili, si moja, na kuzinunua upya si hela ya mboga. Tangu hapo mzee akaapa gari lilale mahali anapoweza kuliona akifungua dirisha. Na dirisha lake la chumbani linatazama wapi? Getini kwangu.

Sasa hapo, msomaji wangu, ndipo penye ushauri wote nilio nao. Nilikuwa nagombana na mtu kuhusu geti, na yeye alikuwa anapigania betri. Ningemwambia "toa gari" mpaka mwaka ujao asingelitoa, kwa sababu hakuwa na pa kulipeleka. Usimwendee jirani na malalamiko matupu. Mwendee na mahali mbadala.

Kesho yake nikaenda sheli iliyo karibu. Pale malori hulala, kuna taa, kuna mlinzi. Nikaulizia bei ya usiku mmoja na bei ya mwezi, nikauliza gari likiibiwa kitu nani anawajibika, nikauliza mlango unafunguliwa saa ngapi alfajiri. Majibu yote nikayaandika nyuma ya kitabu changu cha vipimo.

Kisha nikasubiri Jumapili asubuhi. Jioni sikutaka tena, jioni mtu amechoka na ana wa kumchekea. Nikamkuta peke yake anapalilia michikichi yake miwili uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja tena na lami yako?"

Nikameza mate. "Baba, nimesikia habari za betri. Pole sana. Nimeulizia sheli hapo chini, kuna mlinzi wa usiku kucha, na bei hii hapa."

Akakichukua kitabu, akakisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Akasoma mara ya pili. Akauliza, "Mlinzi ana silaha?" Nikasema analo rungu, tochi na simu, na sheli ina kamera. Akanyamaza. Akasema atafikiri.

Hakufikiri. Fuso iliendelea kulala kwangu, kwa hiyo nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Najua kuna watu wanaona aibu kumshtaki jirani. Mwenyekiti yupo kwa kazi hiyo hasa, mmemchagua wenyewe, na mtendaji wa mtaa analipwa na halmashauri kwa ajili yako. Usiende unalia. Nenda na picha kwenye simu: gari likiwa limeziba geti, mawe yakiwa barabarani, mtaro uliobomoka ukingo. Picha zangu zilikuwa na tarehe. Mwenyekiti akatuita sote wawili, akamwita na yule bodaboda wa mtaroni.

Mzee akarudia yaleyale ya barabara ya serikali. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema ni kweli baba, ni ya serikali, na barabara hizi za mitaa tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na kwa kuwa ni ya serikali ndiyo maana si uwanja wa kulazia lori la mtu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuacha gari mahali linapozuia wengine, na askari wa usalama barabarani wakiitwa hawatauliza nani ana dirisha linalotazama wapi. Nikamuuliza pia, nyumba yako ikishika moto usiku tukapiga 114, gari la zimamoto litapita juu ya Fuso? Hapo hakuna aliyecheka.

Tukaandikiana. Fuso ije mchana kushusha na kupakia, isilale. Ikiwa imesimama, iache nafasi ya guta kupita. Aliyeweka jiwe aliondoe mwenyewe. Mwenyekiti akagonga muhuri, kila mtu akapewa nakala. Yangu iko kwenye droo ya vifungo.

Gari sasa linalala sheli, na dereva wake ndiye aliyeniambia bosi wake siku hizi anakoroma.

Nirudi kwa dada wa Isevya, na kwa wengine wote mnaonuna kimyakimya. Tatizo letu tunalea kero. Siku ya kwanza gari linalala getini unajisemea ni usiku mmoja tu. Siku ya pili unasema usionekane mkorofi. Ukija kufungua mdomo jirani ameshazoea, anakuona wewe ndiye mvamizi. Sema mapema, ukiwa bado unaweza kutabasamu. Na usipoteze nguvu kwa dereva, kwa utingo, kwa mpangaji. Mtafute mwenye gari, mwenye kauli. Mapema, na kwa mwenye kauli. Narudia kwa sababu najua wengi mtaruka hapa mkatafute sehemu ya kutoa upepo.

Na ninyi wenye magari, msinielewe vibaya, hata mimi natafuta kagari kangu. Lakini kabla hujatuma hela ya kuagiza gari, chukua futi, pima geti lako. Pima na uani. Wengi mnajenga kwenye kiwanja chote mpaka ukutani, chumba hiki, chumba kile, stoo, kisha gari linakuja mnalikabidhi kwa jirani. Jirani si karakana. Na ukiwa mgeni mahali, bisha hodi, uliza: "Nikiacha gari hapa nitamzuia mtu?" Sentensi hiyo haina ushuru.

Yule mzee hajaniomba radhi kwa neno lake, na mimi sijamdai. Tunasalimiana. Mkewe bado anashona kwangu. Ila Iddi iliyopita alipomtuma mtoto na kitambaa cha kanzu akitaka iwe tayari kesho yake, nilimweka kwenye foleni kama wengine.

Dada wa Isevya ameuliza pia kama akubali kuchangia hela ya mlinzi, maana jirani yake ameshaanza kudokeza hivyo. Mzee wangu naye alilileta hilo mbele ya mwenyekiti: nusu kwa nusu, eti mimi ndiye ninayetaka gari liondoke. Nilikataa. Gari ni lake, faida ya dagaa ni yake, ulinzi ni wake. Nilichokubali ni kumwonyesha sheli na kumtambulisha kwa mlinzi, basi. Ukianza kulipia gari lisilo lako lisilale kwenye geti lililo lako, mwezi atakaochelewa kulipa yeye, wewe ndiye utakayepigiwa simu.