Mkonga au Hilux: lala chini ya gari kabla hujatoa hela

Vijana wanaoanza kubeba mizigo vijijini huniuliza wanunue Land Cruiser pick-up, ile mkonga, au Hilux. Wengi wameshalinganisha injini hadi wamechoka. Mimi nawaambia walale chini ya gari na kutazama ekseli ya mbele, maana huko ndiko hela yangu ilikoishia.

Nimeendesha zote mbili kwa miaka, nikibeba mahindi na saruji upande wa Kiteto na Simanjiro, mkoani Manyara. Hilux ya fowili, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne, ya kuanzia 2005 kila gurudumu la mbele linacheza peke yake. Difu, lile kasha la gia linalogawa nguvu kushoto na kulia, imefungwa juu kwenye chesisi, na shafti mbili fupi zinapeleka nguvu kwenye magurudumu. Barabara ya changarawe inaipita kwa ulaini ambao mkonga hauna. Udhaifu wake ni mpira unaofunika jointi ya shafti: mwiba ukiuchana, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia tak-tak ukikata kona. Bolijointi, vile viungo vya mviringo vinavyoshikilia gurudumu, na bushi za mpira nazo huisha. Ila mpira uliochanika unauona kwa macho, umerusha grisi ndani ya rimu.

Mkonga una ekseli nzima, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu imo humo humo. Tangu 1999 pick-up hizi zinakalia springi za duara mbele badala ya zile za majani. Gurudumu likipanda jiwe ekseli yote inainama, nawe kitini unajua. Faida yake ni kwamba pua ikididimia shimoni difu haishuki pamoja na bodi. Hata Marekani, kwenye pick-up zao nzito, hawajakubaliana: Ford Super Duty na Ram 2500 za fowili zina ekseli nzima, Chevrolet Silverado 2500HD inatumia magurudumu yanayojitegemea.

Kwenye mkonga jointi imefichwa ndani ya tufe la chuma lililojazwa grisi. Mwiba haufiki, lakini na jicho lako halifiki. Wangu niliununua mkononi, umeoshwa unang'aa. Mwezi wa pili, nikiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, nilikanyaga shimo na usukani ukaanza kutetemeka kwa nguvu hadi nikasimama kabisa. Fundi akaniwekea shokapu mpya ya usukani, ile inayozuia usukani usitetemeke. Gari likatulia wiki mbili, kisha mtetemo ukarudi mkali zaidi. Ile shokapu ilikuwa imeuficha ugonjwa tu.

Tulipofungua tufe tulikuta oili sili ya ndani, ile pete ya mpira inayozuia oili ya difu isiingie, imekufa. Oili ya difu ilikuwa imeingia na kuigeuza grisi kuwa uji, maji ya mtoni yakaipa rangi ya chai ya maziwa, na beringi za kingpini, zile pini za juu na chini ambazo gurudumu huzungukia likikata kona, zimeliwa na kutu. Upande wa pili hivyo hivyo. Nilinunua beringi, sili na grisi pande zote mbili, na siku ambazo gari halikufanya kazi zikaniuma kuliko spea.

Kwa hiyo, anayebeba tani porini namshauri mkonga, ila atenge hela ya kufungua matufe yote mawili mara tu anapoununua, hata kama muuzaji ameapa. Anayezunguka mjini na barabara nzuri achukue Hilux, atapumzisha mgongo.

Ukienda kukagua, nenda na mtu. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu, na kwa mkonga huenda zinahitaji kukazwa tu. Ukibaki, tatizo liko kwenye kingpini, au kwenye bolijointi kama ni Hilux. Halafu pitisha kidole nyuma ya tufe la mkonga. Ukungu wa grisi nzito usikutishe. Oili nyepesi inayochuruzika hadi kwenye tairi ni sili iliyokufa, na bei ishuke kwa gharama ya matengenezo ya pande zote mbili. Muuzaji akisema gari limetoka kuoshwa, mwombe mzunguke nalo kilomita 20 za barabara mbovu, kisha mlale chini tena.