Suti Niliyoiacha Kabatini

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Kaka, mwezi ujao tunapanda meli ya utalii. Mume wangu anasema suti ni mzigo, mimi nimeshanunua gauni refu. Nani yuko sahihi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo mume ni mimi wa miaka michache iliyopita.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya siku saba. Mke wangu aliniuliza mara mbili kuhusu suti, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba nimelipa nikapumzike, siendi harusini. Usiku wa pili ukawa wa karamu ya nahodha. Mlangoni mwa ukumbi mkubwa mhudumu aliitazama jinzi yangu, akanitazama usoni, akasema kwa upole wote kwamba bafe iko wazi ghorofa ya juu. Upole ule uliniuma kuliko ningetukanwa. Tukapanda. Mke wangu na gauni lake la dhahabu akala karibu na bwana aliyevaa kaptura ya kuogelea, bado inachuruzika maji. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Picha ya usiku ule hatuna.

Safari ya pili nilijilipizia: suti nyeusi, tai ya kipepeo, viatu vinavyong'aa. Meli yenyewe haikuwa na usiku rasmi hata mmoja. Wageni wawili waliniagiza vinywaji wakidhani mimi ni mhudumu.

Ya tatu ndiyo niliyoipatia, na sitaficha, nilipendeza. Siri ni kusoma ratiba ya mavazi kabla ya kufungasha, maana kila kampuni ina desturi yake. Cunard bado wana jioni za gala, yaani za karamu rasmi, ambapo mwanaume anatarajiwa kuvaa tuksedo au suti ya rangi nzito na tai. Norwegian Cruise Line tangu mwaka 2000 wamejinadi kwa uhuru wa kula na kuvaa upendavyo. Ukiuliza "watu huvaa nini melini?" bila kutaja meli, hujauliza kitu.

Usiku wa kwanza kwa kawaida si rasmi, kwa sababu huenda sanduku lako halijafika chumbani. Wa mwisho pia, kwa kuwa mabegi huwekwa nje ya mlango jioni ile ili yashushwe asubuhi. Karamu mara nyingi huangukia siku ambayo meli inashinda baharini. Na pasi ya nguo usibebe. Vyumbani hairuhusiwi kwa hofu ya moto. Chagua kitambaa kisichokunjamana.

Lakini ndugu zangu wanaume, tuseme ukweli. Tunaita uvivu wetu "uhuru". Mwenzako amejipamba saa nzima, wewe unashindwa kufunga tai kwa dakika mbili? Asiyetaka kuvaa, na ale bafe kwa amani, hakuna atakayemsumbua. Ila aamue akiwa nyumbani, na mwenziwe ajue mapema.

Kwa hiyo dada, gauni libebe. Mumeo akigoma suti kabisa, afungashe walau suruali nyeusi, shati la mikono mirefu na koti. Jioni nyingi zisizo za gala zitamfaa.

Mke wangu amesoma makala hii kabla yenu. Anasema nimesahau kuwaambia kwamba ile jinzi ilikuwa na tundu gotini.