Huna ada ya kufungulia kesi? Omba kusamehewa

Dada wa Likoni, pole. Umesema ulipika biriani ya harusi, bado wamdai mwenye shughuli shilingi 68,000, na sasa huna hata ada ya kufungulia kesi, wakili ndiyo usiseme.

Wakili si lazima. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu hujisemea mwenyewe. Nenda masjala pale mahakamani Mombasa uulize ada kamili kabla hujaenda kukopa.

Ikiwa kweli huna, sema. Ibara ya 48 ya Katiba yataka ada iwe ya kadiri, isimzuie mtu kupata haki. Kwa kesi za kawaida za madai, Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 laruhusu asiyejiweza kufungua kesi bila kulipa. Muulize karani ombi kama hilo lapelekwaje upande wa madai madogo. Sheria humwita mtu huyo fukara. Neno lauma, limeze tu.

Ombi huambatana na orodha ya mali yako pamoja na thamani: sufuria, jiko la gesi, simu. Usiifiche ile friza! Huyo aliyekula biriani yako ndiye atakayeitaja, na ombi litupwe. Ulipeleke mwenyewe, usimtume kijana.

Na ujue msamaha huu si zawadi: ukishindwa, mahakama yaweza kukuamuru uilipe ada ile ile.