Taa za barabarani hazinunuliwi kwa wati: kwenu mlioripoti juzi

Wadogo zangu mlioripoti ugavi na uhandisi mwaka huu, karibuni Kigoma, mmekuja umeme wa gridi upo, sisi tulianza kazi enzi za majenereta ambapo hata kuongea habari ya taa za barabarani ulionekana una dharau. Lakini nimechoka jamani. Kila idara tumizi ikileta ombi la taa naona spesi ileile, inazunguka mkoa mzima kama flashi ya ofisini yenye virusi: "Taa ya LED, wati 120, imara, ya kisasa, yenye ubora." Basi, nukta. Imara kivipi? Mzabuni akikuletea takataka iliyopakwa rangi ya fedha na inakula wati 120 kweli, utaikataa kwa kifungu gani?

Na msiniambie "NeST imekubali". NeST, huo mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, inakubali kila kitu ulichojaza, haijui kama barabara yako itaonekana usiku. Tangu mfumo uanze 2023 kuna vijana wanadhani ukimaliza visanduku vyote umenunua vizuri. Vigezo ukishavitangaza ndo hivyo hivyo, zabuni zikifunguliwa ukakumbuka kitu huwezi kukichomekea kwenye tathmini. Kazi yote iko kabla ya kutangaza, kwa hiyo nisikilizeni huko mwanzoni.

1. Toka ofisini kahesabu. Nguzo ngapi, urefu gani, umbali gani toka moja hadi nyingine, mkono una urefu gani, barabara ni ya TARURA (za mijini na vijijini) au ya TANROADS (kuu na za mkoa), nguzo ni zenu au mnataka kuning'inia kwenye za TANESCO (kibali, kwa maandishi). Na angalia miembe! Huku Ujiji ukifunga taa mita 9 juu katikati ya mwembe unawamulikia popo. Kuna mtaa fotoseli (kile kijicho kinachowasha taa kikiona giza) ilifungwa kwenye boksi chini ya mwembe, saa kumi jioni kivuli kikiingia mtaa mzima unawaka jua bado kali, watu wanapita wanatupongeza "hongereni, maendeleo hayo", na ukijua wanavyosema hongera huku wakiwa wamekasirika utaelewa nilikuwa napita njia ya nyuma.

2. Wati ni bili, mwanga ni lumeni. Chukua ile sodiamu ya njano ya wati 250, na balasti yake (kile kifaa cha kuiendesha) inakula kama 280. Usiku wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima, piga hesabu: uniti 1,226 kwa mwaka kwa taa moja. LED nzuri ya wati 100 inayoweza kukaa mahali pake inakula 438. Tofauti ni 788, taa za barabarani zinaingia T1 (daraja la bei la TANESCO la matumizi ya kawaida), weka shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, unapata kama laki 2 na elfu 30 kwa taa moja kwa mwaka. Taa 100 ni milioni 23. Hiyo ndo hesabu ya kumpelekea mweka hazina, siyo "LED ni teknolojia ya kisasa". Ila angalia, kuna LED ya lumeni 90 kwa wati na kuna ya 150 kwa wati, zote zinaitwa LED, na ukiandika wati tu unaletewa ya 90 na unailipia umeme mpaka ustaafu. Andika lumeni, andika lumeni kwa wati, na juu ya yote andika unataka laksi ngapi (mwanga unaofika kweli) chini barabarani na zimetapakaa vipi. Daraja la C4 la EN 13201 (kiwango cha Ulaya cha taa za barabarani) kwa mfano ni wastani wa laksi 10 na sehemu yenye mwanga mdogo isiwe chini ya 0.4 ya wastani. Halafu mzabuni alete faili la IES (linaloonyesha taa inavyomwaga mwanga) na mahesabu yake kwa nguzo ZAKO, siyo nguzo za kwenye katalogi.

3. Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa paliniuma.

Spesi ya "imara, ya kisasa" ninayoilaani, kuna kipindi niliiandika mimi. Niliipata kwa jamaa wa halmashauri nyingine, halmashauri zote mbili sizitaji, nikabadilisha jina na idadi nikajiona mtu wa kazi. Kwao nguzo zilikuwa karibu karibu, kwetu zilikuwa mita 40 toka nguzo hadi nguzo, na sikulifikiria hilo hata sekunde moja. Akashinda wa bei ya chini, kihalali kabisa, maana sikumuachia mtu yeyote kigezo kingine cha kumshinda. Taa zikaja zikakaa stoo miezi maana nguzo zilikuwa hazijasimikwa. Zikafungwa. Kamati ya ukaguzi na mapokezi tukaitwa, na mimi mtaalamu nimo.

Tulienda saa tano asubuhi!

Jua la Kigoma hilo mnalijua. Mkandarasi kaja na maji baridi kwenye gari, fundi kawasha swichi, sisi tumesimama tumeweka viganja juu ya macho tunakodolea juu, "ile inawaka?", "inawaka inawaka", mmoja anahesabu kwa kidole, mwingine anapiga picha za faili. Idadi imetimia, rangi nzuri, boliti zimekazwa, tukasaini wote tukarudi kula. Mtu mzima mwenye cheti cha umeme nimekagua taa mchana, na nikaandika kwa mkono wangu "zinafanya kazi kwa kuridhisha".

Usiku nikapita na bodaboda. Chini ya nguzo kuna duara jeupe la kuumiza macho, ukitoka hapo giza totoro, halafu duara, halafu giza. Dereva akaniambia zamani giza lilikuwa moja na macho yalizoea, sasa hivi mtu anaonekana anapotea anatokea mbele ya tairi. Nikanyamaza, sikumwambia nafanya kazi wapi. Mvua za kwanza za Oktoba zikaja na radi zake, draiva za ndani ya taa (vifaa vinavyoilisha LED umeme) zikaanza kufa kwa mstari, maana kinga ya umeme unaoruka ghafla sikuiandika popote. Nikamkimbilia mkandarasi na waranti. Waranti mwaka 1, kuanzia tarehe ya kupokelewa STOO. Ilikuwa imeisha. Ritensheni, ile pesa tunayomzuilia mpaka waranti iishe, kashalipwa. Akanitolea karatasi kwa heshima zote, "mkuu, hii siyo sahihi yako?" Ilikuwa yangu, na alikuwa hajakosea hata mstari mmoja, hapo ndo palipouma, yaani nilitamani hata angekuwa mwizi. Hoja ya ukaguzi ilipokuja niliijibu kurasa na kurasa na ukizisoma zote zinasema kitu kimoja, kwamba hatukwenda usiku.

Nendeni usiku. Beba kipimo cha laksi, pima chini ya nguzo na katikati ya nguzo mbili, andika namba. Na chagueni siku za giza, wavuvi wa dagaa watawapa kalenda, mbalamwezi ikiwa kubwa hata wao hawaendi ziwani na nyie msiende kukagua, macho yanadanganywa. Bila hizo namba usisaini, hata kama gari linakusubiri.

4. Haya haraka haraka. IP66 (daraja la kuzuia vumbi na maji), vumbi na mvua zetu haviombi ruhusa. Kinga ya radi isipungue kV 10. Draiva iwe ya kubadilishika bila kutupa taa nzima, na ipokee volti za chini maana mwisho wa laini umeme huwa unafika umechoka. Waranti miaka 5 kuanzia siku ya kuwashwa. Ripoti ya LM-79 (ya maabara, vipimo vya mwanga na umeme wa taa) modeli yake ifanane na iliyo kwenye boksi, herufi kwa herufi. Omba sampuli, ifungue, ibaki na muhuri stoo ulinganishe na mzigo. Rangi ya mwanga 3000K (nyeupe ya kunjano) inatosha, nyeupe ya bluu inaita wadudu wote wa ziwani. Jina la kampuni usiandike kwenye spesi, andika sifa.

5. Sola. Kama nyaya haziko karibu, sola ni sawa, ila boksi likiandikwa "wati 800" geuza taa uangalie paneli, ukikuta ya wati 40 muulize mwenye mali hizo 760 zinatoka wapi, atacheka. Andika ukubwa wa paneli, betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, na masiku mangapi ya mawingu itahimili, maana huku mvua ni Oktoba mpaka Mei. Kiangazi paneli zinajaa vumbi, kwa hiyo weka na kazi ya kuzifuta, mpe kikundi cha vijana kwenye ile asilimia 30 ya manunuzi iliyotengwa kwa makundi maalumu, wanaifanya vizuri kuliko mkandarasi wa kutoka mbali.

6. Tenda ya taa inayotangazwa Mei mzigo haufiki kabla ya Juni 30, bandari haijali mwaka wetu wa fedha. Anza Julai. Sirudii.

7. LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kabla hujanunua taa hata moja uliza kifungu gani kwenye mapato ya ndani kitanunua umeme, kila mwezi, na nani anaweka. Nimeona barabara mpya imezimika wiki kadhaa, watu wanaita mafundi, wanafungua taa juu huko, kumbe uniti zimeisha na namba ya mita anaijua mtu mmoja tu ambaye kahamishiwa mkoa mwingine na simu hapokei. Namba ya mita iandikwe kwenye faili, na kwa maka peni ndani ya mlango wa boksi. Na ufunguo wa boksi usiwe mmoja.